Jibini Ngumu: Kuinunua, Kuikwaruza na Kuitunza Nyumbani



Leo twapenda kuzungumza nanyi, hasa ninyi mkaao Tunduma, Vwawa, Ileje na Momba, habari za chakula ambacho wengi mmekiona dukani, na wachache wamekinunua. Chakula hicho ni jibini, na hasa jibini ile ngumu, isiyokatika kwa kijiko, ambayo watu huikwaruza juu ya chakula cha moto.

Yamkini mtu atasema, “Jibini ni chakula cha wageni na cha mahoteli. Sisi yatuhusu nini?” Jawabu letu ni hili. Katika nchi yenu mvua huanza mnamo Novemba na kuendelea hata Aprili. Wakati huo majani ni mengi, ng’ombe hushiba, na maziwa huwa mengi hata mengine huharibika kabla ya kupata mnunuzi. Kisha huja kiangazi. Majani hukauka, maziwa hupungua, na mama wa mjini aliyezoea kununua lita mbili hurudi nyumbani na nusu lita au na chupa tupu. Jibini ngumu ni mojawapo ya njia chache za kuyachukua maziwa ya wakati wa mvua na kuyafikisha kiangazi. Wahenga walisema kwamba akiba haiozi, na jibini ngumu ni akiba ya maziwa.

Lakini akiba hii yaweza kuoza, tena upesi, ikiwa mwenye nyumba hakujua kuitunza. Tumewaona watu walionunua kipande kwa fedha nyingi, wakakifunga katika mfuko wa nailoni, na baada ya siku chache wakakikuta kimeota kuvu na kunuka. Hao waliapa kutonunua tena. Hasara hiyo si ndogo kwa mtu mwenye kipato kidogo, wala haikuwa lazima kuipata. Basi tusikilizane.

Kwanza yafaa tufahamu jibini ngumu ni kitu gani. Maziwa mabichi ya ng’ombe, ukiyapima katika sehemu 100, karibu sehemu 87 ni maji matupu. Maji hayo ndiyo yaletayo uharibifu, kwa sababu vijidudu haviwezi kuzaana pasipo maji. Mtengenezaji wa jibini huyapasha maziwa moto, huyatia dawa ya kugandisha, ambayo tangu zamani hupatikana katika tumbo la ndama, kisha huyakata yale mabonge, huyachuja, huyashindilia, huyatia chumvi, na kuyaweka mahali pa baridi kwa miezi mingi. Kazi yote hiyo ni ya kuyatoa maji. Jibini iliyokomaa sana, kama ile ya Italia iitwayo Parmigiano Reggiano, hubakiwa na maji karibu sehemu 30 tu katika 100, nayo haiuzwi kabla ya kutimiza miezi 12.

Kwa hiyo kanuni ya leo ni moja tu, nayo ni nyepesi kukumbukwa: jibini ngumu hudumu kwa sababu imetolewa maji, usiirudishie maji, wala usiifungulie hewa kabla ya wakati wake. Yote tutakayosema baadaye, ya kununua, ya kukwaruza na ya kuweka, yametoka katika kanuni hii.

Ili mpate kuona jinsi chakula hiki kinavyoweza kuwa akiba ya kweli, twaeni mfano wa huko Italia. Katika nchi ya Emilia iko benki iitwayo Credito Emiliano, ambayo tangu miaka ya 1950 imepokea jibini kuwa rehani. Mtengenezaji akitaka mkopo huleta madonge yake makubwa ya Parmigiano, kila moja la kilo zipatazo 40, na benki huyaweka katika ghala yake, ikiyageuza na kuyasafisha mpaka yakomae. Akilipa deni huchukua mali yake, na asipolipa huuzwa. Benki haiwezi kupokea rehani ya maziwa, maana kesho yamechacha. Hupokea jibini kwa sababu kadiri miezi ipitavyo, thamani yake huzidi.

Nasi katika Afrika ya Mashariki hatukuachwa nyuma kabisa. Katika milima ya Masisi, magharibi ya Goma katika Kongo, wafugaji hutengeneza jibini ya madonge ya mviringo ambayo hujulikana kwa jina la mji wa Goma. Kazi hiyo ililetwa na mapadri wa Kibelgiji katika miaka ya 1970, nayo imeshika mizizi hata katika nyakati za vita. Karibu nanyi zaidi, huko Njombe, kilijengwa kiwanda cha maziwa kwa msaada wa CEFA, shirika la Italia lililoanzishwa Bologna mwaka 1972. Bologna ni jirani ya nchi ile ile ya Parmigiano. Kiwanda hicho kilipokea maziwa ya wafugaji wadogo, na jibini zake zilitengenezwa kwa namna ya Kiitaliano. Kutoka Njombe hata Tunduma ni safari ya barabara moja, kupitia Makambako na Mbeya. Kwa hiyo msidhani kwamba jibini lazima ivuke bahari kabla ya kufika mezani kwenu.

Sasa tuje katika kununua. Tunduma ni mji wa mpakani, na bidhaa nyingi hupita hapo, nyingine kutoka bara, nyingine kutoka Nakonde na Zambia. Bidhaa nyingi ni nzuri, lakini mnunuzi hana budi kufumbua macho.

Jambo la kwanza, tazama hesabu. Kwa kawaida lita 10 za maziwa hutoa kilo 1 ya jibini ngumu. Na kwa Parmigiano huhitajika karibu lita 14. Basi ukitajiwa bei ya kilo moja iliyo chini ya bei ambayo mfugaji hupewa kwa lita 10, jiulize mtengenezaji alipata faida wapi. Ama si jibini ngumu, ama imechanganywa na kitu kingine, ama imekaribia kuharibika. Hesabu hii hata mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya, nayo itakuokoa mara nyingi.

Jambo la pili, soma karatasi iliyobandikwa. Tafuta jina la kiwanda, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa kutumiwa, na habari ya kuwa maziwa yalipashwa moto kuua vijidudu. Kwa vitu vilivyotengenezwa Tanzania, tafuta pia alama ya Shirika la Viwango, yaani TBS. Habari ya kupashwa moto si ya kupuuza. Maziwa mabichi yaweza kuleta ugonjwa wa brusela, ambao humpa mtu homa za kurudiarudia na maumivu ya viungo, na tena kifua kikuu cha ng’ombe. Kiwandani hupashwa moto wa nyuzi 63 kwa nusu saa, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha hupozwa mara moja. Jibini isiyo na jina wala tarehe, iliyofungwa katika gazeti, waachie wengine, na afadhali wao pia waiache.

Jambo la tatu, nunua kipande, usinunue unga. Madukani kuna jibini iliyokwisha kukwaruzwa, imetiwa katika pakiti au kopo. Ni rahisi kutumia, lakini hujui kilichomo. Huko Marekani mwaka 2016 kiongozi wa biashara moja ya Pennsylvania alikiri makosa mahakamani, kwa kuwa unga waliouuza kama jibini halisi ya Parmesan ulikuwa umetiwa jibini za bei nafuu na unga wa nyuzi za mimea. Ikiwa nchi yenye wakaguzi wengi ilidanganywa, sisi tusijione salama. Kipande kizima chenye ganda lake hujionyesha chenyewe: waona rangi yake, wagusa ugumu wake, wasikia harufu yake.

Wanafunzi wenye kupenda majaribio waweza kufanya hivi shuleni mbele ya mwalimu. Chukua unga kidogo wa jibini ya pakiti, uweke juu ya kisahani, udondoshee tone moja la iodini. Ukigeuka kuwa wa buluu iliyoiva au mweusi, umo wanga, yaani umechanganywa na unga wa mahindi au wa viazi. Baadhi ya viwanda hutia wanga kidogo ili chembe zisishikamane, nao huandika hivyo katika karatasi. Asiyeandika anaficha. Ule uliopimwa utupwe, usiliwe.

Jambo la nne, nunua kadiri ya matumizi ya majuma mawili au matatu, si zaidi. Kipande chenye ganda upande mmoja hudumu kuliko vipande viwili vidogo vyenye uzito ule ule, kwa maana ganda ni ngozi yake. Ukiona punje nyeupe ngumu ndani ya jibini iliyokomaa, zenye kulia chini ya jino, usiogope. Hizo si kuvu, ni dalili ya kukomaa. Lakini ukiona unyevu umejikusanya chini ya nailoni, au harufu ni kali kama ya dawa ya kufulia, mrudishie muuzaji.

Sasa tuje katika kukwaruza. Chombo kinachofaa ni kile kikwaruzo cha bati chenye matundu, kama mnavyokwaruzia karoti. Kiwe safi, na zaidi ya kuwa safi, kiwe kikavu. Tone la maji lililobaki katika tundu laanzisha uharibifu tuliousema. Jibini ikiwa ya baridi hukwaruzika vizuri, na ikiwa ya joto hunatanata na kuziba matundu. Kwa hiyo ikwaruze mapema asubuhi, au mara tu uitoapo mahali pa baridi.

Kwaruza ile itakayoliwa sasa hivi, basi. Twasisitiza neno hili, nalo lina sababu ambayo wanafunzi waweza kuihesabu ubaoni. Twaeni kipande chenye sentimita 10 kila upande. Nyuso zake ni sita, na eneo lake lote ni sentimita za mraba 600. Sasa kikateni kiwe vipande vidogo vya sentimita 1 kila upande. Mtapata vipande 1,000, na eneo lao lote ni sentimita za mraba 6,000. Jibini ni ile ile, uzito ni ule ule, lakini sehemu iliyo wazi kwa hewa, unyevu na mikono imekuwa mara kumi. Na kikwaruzo hutoa chembe ndogo kuliko hizo mara nyingi. Ndiyo sababu kipande kizima hukaa majuma, na unga wake huharibika kwa siku chache.

Itieni katika chakula baada ya kuepua chungu, si wakati kinachemka, maana moto mwingi huifanya iwe nyuzi na kushikamana na sufuria. Na chumvi itiwe mwisho, baada ya kuonja, kwa kuwa jibini yenyewe ina chumvi ya kutosha. Kijiko kimoja cha unga wake kwa kila mtu chatosha katika maharagwe, viazi mviringo, tambi, mayai au mboga za majani. Wengine hunyunyiza juu ya ugali wa moto, nao husifu. Ganda lililobaki, kama halikupakwa nta wala rangi, lisitupwe. Lioshe, ulipike pamoja na maharagwe tangu mwanzo, nalo litatoa ladha yake yote. Ganda la nta liondolewe kabisa.

Sasa tumefika kwenye jambo lililo gumu kuliko yote, yaani kuweka. Mwenye jokofu na aifunge jibini yake kwanza katika karatasi safi isiyopitisha mafuta, kama ile ya kuokea mikate, kisha aiweke katika chombo chenye kifuniko kisichobana sana. Nailoni iliyokazwa huifanya jibini itoe jasho, na jasho hilo ni maji yale yale tuliyoyakimbia. Karatasi ibadilishwe kila baada ya siku chache. Umeme ukikatika, usifungue jokofu mara kwa mara kutazama. Jibini ngumu haitaharibika kwa saa chache za giza.

Asiye na jokofu asikate tamaa. Nchi ya Mbozi na milima ya Ileje ni ya juu na yenye baridi, na usiku wa mwezi wa Juni na Julai ni rafiki wa jibini. Tengeneza kabati dogo la chakula lenye kuta za wavu mwembamba, uliweke upande wa nyumba usiopigwa na jua la alasiri. Miguu yake minne isimame katika makopo ya maji, ili sisimizi wasipande. Wavu huzuia nzi na panya, na hewa hupita. Humo jibini iliyofungwa katika karatasi itakaa vizuri kwa juma moja au zaidi.

Lakini ninyi mkaao chini, huko Kamsamba na ukanda wa Ziwa Rukwa, joto lenu ni jingine. Kwenu yafaa njia ya vyungu viwili, ambayo mwalimu mmoja wa Nigeria ya kaskazini, Mohammed Bah Abba, aliieneza katika miaka ya 1990. Chukua chungu kikubwa na kidogo, vyote viwe vya udongo usiopakwa rangi. Weka kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati yao, umwagie mchanga maji asubuhi na jioni, na kufunika kwa kitambaa chenye unyevu. Maji yanapokauka hupeleka joto nje, na ndani huwa baridi, kama vile mtungi wa maji ya kunywa unavyofanya. Njia hii hufaa sana kiangazi, wakati hewa ni kavu. Wakati wa mvua haisaidii sana. Na kumbukeni kanuni yetu: jibini isiguse unyevu huo. Ifungeni katika karatasi, mwitie katika kopo kavu lenye kifuniko, ndipo kopo liingie chunguni. Kopo lifunguliwe kila siku na kupanguswa.

Zaidi ya hayo, jibini hushika harufu ya jirani yake. Msiiweke karibu na dagaa, vitunguu au mafuta ya taa, isipokuwa mwataka kula jibini yenye ladha ya taa.

Je, ikiota kuvu? Kama ni kipande kigumu, na kuvu ni doa dogo, kata sehemu hiyo pamoja na sentimita mbili na nusu kuizunguka na chini yake, wala kisu kisiguse kuvu kisha kikaingia katika sehemu nzima. Funga iliyobaki katika karatasi mpya. Lakini kama ni jibini laini, au ni jibini iliyokwisha kukwaruzwa, itupwe yote, kwa kuwa mizizi ya kuvu imepita ndani mahali ambapo jicho halioni. Kadhalika, ile jibini ya nyumbani igandishwayo kwa ndimu ni nzuri, lakini si jibini ngumu. Iliwe siku ile ile au ya pili yake. Msiipe kazi ya akiba isiyoiweza.

Kabla ya kumaliza, twapenda kusema nani ale na kwa kiasi gani. Gramu 100 za jibini ya namna ya Parmigiano zina zaidi ya gramu 30 za chakula cha kujenga mwili, tena zina madini mengi ya kuimarisha mifupa. Wale ambao tumbo huwasumbua wanywapo maziwa mara nyingi waweza kula jibini iliyokomaa bila taabu, kwa sababu ile sukari ya maziwa imekwisha karibu yote. Lakini mwenye shinikizo la damu aitumie kwa uchache, kwa ajili ya chumvi. Nayo si badala ya maziwa ya mama kwa mtoto mchanga.

Wala hatumwambii mtu mwenye ng’ombe zizini na maziwa mezani kwamba aache maziwa yake akanunue jibini. Maziwa yaliyochemshwa na mtindi ni rahisi kwa bei na yanamtosha. Twasema na yule aliye mbali na zizi, na yule mwenye mgahawa kando ya barabara kuu, na yule mama ambaye kila kiangazi huwatazama watoto wake wakila ugali na mboga peke yake. Kwake yeye kipande kidogo, kilichonunuliwa kwa hesabu, kikakwaruzwa kidogo kidogo, kikatunzwa mahali pakavu na pa baridi, ni maziwa ya mwezi wa Februari yaliyosubiri mpaka Septemba.

Basi, mabibi na mabwana, mwendapo dukani chukueni penseli ya hesabu pamoja na fedha, na murudipo nyumbani tafuteni karatasi safi kabla ya kutafuta kikwaruzo.

Kwaherini, na Mungu awape mvua njema na maziwa mengi.